Barua Tisa za Pamba ya Mawe

Mniache niseme mpaka mwisho. Mkinikatiza nitapandwa na hasira nianze upya, na hakuna kati yenu mwenye muda huo. Mimi ni Hilaire. Mwaka wa kumi na tisa huu nakaa na mashine yangu ya kupiga chapa mbele ya soko la Kikula, hapa Likasi, nikiwaandikia watu barua zao kwa serikali. Maombi ya kazi, maombi ya kitambulisho, malalamiko juu ya mbuzi wa jirani, yote nimepiga. Lakini kuna barua moja niliyoipiga mara tisa, ileile, kwa mama mmoja, na hata mkiniamsha usingizini nitawasomea bila kuitazama.

Mama huyo ni Emérance. Mtaani tulimwita Mama Julie, kwa jina la binti yake wa pekee. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, yeye akazaliwa hapahapa mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na hakupenda kukaa bure. Ukimtembelea utakuta anachambua kitu, anasugua kitu, au anakusugua wewe kwa maneno.

Mumewe, Lambert, alikuwa na kazi ya kuvika mabomba. Msiojua kazi hiyo niwaeleze. Kiwandani mvuke wa moto unapita kwenye mabomba, na bomba likiachwa uchi joto lote linapotea. Basi linavikwa nguo nene nyeupe. Nguo hiyo inatengenezwa kwa nyuzi laini zinazotoka ndani ya jiwe. Wenye shule wanaiita amiante, sisi tunaita pamba ya mawe. Lambert hakuajiriwa na kampuni kubwa ya migodi. Alifanya kazi kwa tajiri mmoja mwenye karakana ndogo, ambaye leo keshafunga na kwenda zake, hatujui wapi. Kilichobaki ni uchafu wake. Mabaki ya pamba walikuwa wanayamwaga nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wetu, kila juma, mpaka pakatokea kilima cheupe kirefu kuliko paa la nyumba yangu.

Lambert alikuwa anarudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Mama Julie anamvua koti uani, analikung'uta kwa nguvu, pa! pa! pa!, ndipo analifua. Alilelewa hivyo. Mama yake alimfundisha kwamba mwanamke anayeloweka nguo kabla ya kuikung'uta ni mvivu, na Mama Julie hakukubali kuitwa mvivu.

Sasa sikieni alichokifanya, maana hapa ndipo mzigo ulipoanza. Umeme wa bwawa la Mwadingusha unapita juu ya vichwa vyetu kwenda viwandani, sisi huku chini tunapika na makala, yaani makaa, kwenye mbabula, lile jiko la bati lenye matundu. Makala yanaisha upesi. Mwaka wa 1967, mwaka uleule serikali ilipochukua migodi na kutuambia kwamba sasa utajiri ni wetu, Mama Julie alichota pamba ya mawe kutoka kilimani, akaichanganya na maji, akaisiliba ndani ya mbabula yake kwa kiganja. Ikakauka. Makala ya siku moja yakatosha siku mbili.

Mtaa mzima ukahamia uani kwake. Hakuficha ujuzi. Alifundisha kila aliyekuja, na aliyeshindwa alimshika mkono kama mtoto wa shule. Julie alikuwa na miaka kumi na miwili, na vidole vyake vyembamba vilisiliba vizuri kumshinda mama yake. Alipoolewa, ile ikawa kazi yake. Soko zima lilijua mbabula za Julie, nyeupe ndani, laini. Alilisha watoto wanne kwa kazi ile.

Mwaka wa 1979 Lambert akaanza kukosa pumzi. Kikohozi kikavu, kutwa kucha. Kwenye zahanati kulikuwa na daktari kijana, Dokta Mathieu, aliyesomea ng'ambo. Akatazama picha ya kifua, akamwuliza Lambert alifanya kazi gani. Lambert akajibu. Dokta akauliza tena: "Na nyumbani, nani alikuwa anakung'uta nguo zako?"

Mama Julie akanyoosha mkono, kama darasani. "Njo minye, dokta."

Aliniambia baadaye kwamba, aliposema ni yeye, dokta alishindwa kumtazama usoni. Akawaeleza taratibu. Vumbi lile ni jembamba mno, likiingia kifuani halitoki, linakaa miaka ishirini, thelathini, ndipo linaanza kudai. Huko ng'ambo wameshaanza kulikataza. Kilima kile kisiguswe kikiwa kikavu, kilowekwe, kifukiwe, na watu waambiwe. "Mwandikieni mkubwa wa serikali," akasema. "Na mimi nitaandika." Kweli aliandika. Mwaka uliofuata akahamishwa mbali, na barua zake zikabaki yatima.

Siku ileile Mama Julie alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, akamkuta ameinamia beseni la pamba, mikono myeupe hadi viwiko.

"Julie, acha hii kazi. Hii kintu inaua bantu."

"Mama, weye njo ulinifundisha!"

"Nilikosa. Dokta amesema ni sumu."

Julie akacheka. Akasema Leta, ndivyo tunavyoita serikali huku kwetu, haiwezi kunyamaza. "Leta inakatazaka kila kintu, mama. Ilikataza kravati. Ilikataza majina ya ubatizo. Ilikataza banamuke kuvaa pantalo kama banaume. Sasa sumu ya kuua bantu, ingeiacha tu pale nyuma ya nyumba? Siku Leta itasema, na muhuri, nitaacha."

Mtamjibu nini? Kwa hiyo Mama Julie alikuja kwenye meza yangu, akakaa kwenye kopo kubwa ninalokalishia wateja, akasema: "Hilaire, piga barua. Leta iseme neno moja tu, na muhuri, nimupelekee Julie."

Hilo tu ndilo alilotaka. Hakudai fidia, hakutaka mtu afungwe. Alitaka karatasi ya kumtoa mtoto wake kwenye beseni.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Kila Jumatatu alikwenda biro, yaani ofisini kwa serikali. Mukubwa ametoka. Mukubwa yuko safarini. Mukubwa yuko mkutanoni. Mukubwa amefiwa. Yule mukubwa alifiwa na shangazi watatu kwa mwaka mmoja, Mungu awalaze pema, kama waliwahi kuwapo.

Barua ya pili ilirudishwa kwa sababu niliweka jina lake la ubatizo. Jina Emérance lilikuwa marufuku kwenye karatasi ya serikali, nami mjinga nilisahau. Nikapiga upya: Citoyenne Ngalula, yaani Mwananchi, kwa jina lake la kikwao. Maneno mengine yote yaleyale. Barua ya tatu hiyo, na hiyo ilisomwa, afadhali isingesomwa. Watu wa afya walisema vumbi limetoka kazini, nendeni kwa watu wa kazi. Watu wa kazi wakasema karakana imefungwa, kazi haipo, nendeni kwa watu wa migodi. Watu wa migodi wakasema hii si shaba, nendeni kwa watu wa mazingira. Wa mazingira walikuwa na chumba chenye kufuli. Nilimwambia Mama Julie: likiwa kiwandani ni vumbi la kazi, likiwa hewani ni la mazingira, likiwa kifuani ni la afya, na likiwa limekaa pale kilimani halina baba wala mama.

Baada ya barua ya nne, pale biro wakaomba kithibitisho. Alete kilo mbili za hilo vumbi ndani ya mfuko! Mwanamke anawaambia kitu hiki kinaua, wanamwambia achote akibebe kichwani. Na alikibeba. Alikilowesha kwanza kama dokta alivyosema, akakifunga mara mbili, akatembea nacho hadi biro. Mfuko ulikaa kwenye kibaraza miezi saba. Siku moja karani aliyeitwa Adolphe, kijana mnene mwenye adabu, akamvuta Mama Julie pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini: "Mama, ni kweli hii inabana makala?" Juma lililofuata mfuko haukuwapo.

Aka! Nikikumbuka naona giza.

Lambert alikufa mwaka wa 1983. Miezi ya mwisho alilala ameketi, maana akijilaza pumzi inakatika. Kwenye barua ya tano nilibadilisha mstari mmoja. Palipokuwa na "mume wangu anaugua" nikaandika "mume wangu amekufa". Na safari hii, jamani, serikali ilichukua hatua. Nataka mlisikie hilo, msije mkasema nawasingizia.

Mnakumbuka Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, ya kufagia mji kwa heshima ya taifa. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na kutoka barabarani kilima chetu kilionekana. Ikatolewa amri: Jumamosi wanawake wote wa mtaa waje na mifagio, wakisawazishe kile kilima. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi kikavu, mvua ya mwisho hatukuikumbuka. Wanawake mia wakafagia ile pamba. Weupe ulipanda mpaka hatukuona msalaba wa kanisa. Mama Julie alikimbia huku na huku na ndoo, akipiga kelele: "Maji kwanza! Mumwage maji kwanza!" Msimamizi mwenye filimbi akamwambia maji hayamo kwenye programu. Vumbi walilichota kwa mikokoteni wakajaza mashimo ya barabara, na mgeni, tuliambiwa, alipita njia nyingine.

Julie alikuwa mstari wa mbele, na ufagio, akikohoa na kucheka na wenzake. Mama yake alimwona.

Jumatatu Mama Julie alikuja kwangu na nywele bado zina unga mweupe. "Hilaire," akasema, "hii ya sita, usiweke adabu." Sikuweka. Ikarudishwa kwa kukosa adabu. Ya saba, iliyokuwa na adabu tele, ikapotea. Ya nane, haya basi, ya nane ikajibiwa! Karatasi nzuri, muhuri wa duara, saini ndefu. Mama Julie hakungoja nimsomee, aliikimbiza kwa binti yake kama mtu aliyepokea telegramu ya mtoto amezaliwa.

Julie akaisoma hadi mwisho, kwa upole, maana si mtoto mbaya yule. "Mama, hapa bameandika 'barua yako imepokelewa na inashughulikiwa'. Hapana bameandika ni sumu."

"Julie, baba yako iko kaburini!"

"Baba alivuta tumbako miaka makumi tatu, mama."

Msidhani Mama Julie alikuwa anakaa tu akingoja. Alitafuta dawa ya kosa lake mwenyewe. Alichukua udongo wa kichuguu, akauchekecha, akauchanganya na majani makavu yaliyokatwa, akausiliba kwenye mbabula. Unashika joto vizuri, karibu sawa na pamba. Alitembea nyumba kwa nyumba akiomba abadilishe zile mbabula alizowafundisha. Wengine walikubali kwa huruma. Wengi waliuliza: iko karatasi ya Leta? Julie alisema udongo ni mzito, unachelewa kukauka, na wateja wanapenda weupe. Mama yule alijua kwamba kimya cha serikali kinamjibia binti yake.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu iliumiza vifua. Mwaka wa 1987, tulipopiga barua ya tisa, Mama Julie hakuweza tena kupanda mwinuko wa kuja sokoni bila kupumzika mara mbili. Alikuwa na kikohozi kilekile. Ninakijua, nilikisikia kwa Lambert miaka minne. Niliuliza kama amekwenda zahanati. Akasema: "Kufanya nini? Minye ninajua jina yake."

Miezi mitatu, hakuna jibu. Ndipo na mimi nikachoka. Nilichoka kabisa, mpaka kwenye mifupa. Nikachukua kandambili yangu ya kushoto, nikakata kisigino, nikachonga muhuri kwa wembe: duara, mwenge, na maneno ya kuzunguka. Nikaweka karatasi kwenye mashine, nikapiga: *Tangazo. Ni marufuku kuchota, kufagia au kupikia vumbi jeupe la kilima hiki. Vumbi hili linaua mapafu polepole. Lilowekwe na kufukiwa. Kwenye mbabula tumieni udongo wa kichuguu.* Sikumwambia Mama Julie. Nilibandika karatasi kumi na mbili mtaani usiku wa kuamkia Jumapili, ili watu wazikute wakitoka misa.

Miaka minane mukubwa alikuwa safarini. Kwa karatasi zangu, mukubwa alifika kwa siku mbili! Jeep, askari wanne, na afisa mmoja aitwaye Dominique mwenye mkoba mpya. Wala hawakusumbuka kutafuta, waliuliza nani ana mashine sokoni, na mimi sikukataa. Matangazo wakayabandua yote kumi na mawili. Wanawake wakaambiana: si mnaona, ilikuwa uongo, pamba haina neno. Mimi nikatiwa kasho, yaani mahabusu, nikakaa kwenye simenti nikijilaumu kwamba nimeiharibu kazi yote ya yule mama.

Yeye akaja kesho yake. Alipita kwa askari wa mlangoni kama anapita sokoni, akasimama mbele ya meza ya Dominique, anahema. "Hilaire ni mikono tu. Ile maneno njo yangu. Mniandike."

Dominique hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. Akamwandika kama shahidi. Sheria, akaeleza, inataka karatasi ya kughushi inakiliwe neno kwa neno ndani ya hati. Akanakili tangazo lote, kuanzia "ni marufuku" hadi "kichuguu", likajaza ukurasa wa pili peke yake, wa tatu akaandika makosa yangu. Nilikuwa nasikia kutoka kasho. Mama Julie akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Na shahidi, anapata karatasi yake?"

"Nakala moja, mama. Ni haki yake."

"Na muhuri?"

"Kila ukurasa!" Dominique akaonekana kukasirika. "Sisi hapa hatufanyi kazi ovyo."

Akagonga mihuri mitatu. Mama Julie akapokea, akakunja ukurasa wa kwanza na wa tatu akaziingiza kifuani, wa pili, wenye tangazo tupu, akaushika mkononi.

Yaliyofuata nilielezwa na Julie mwenyewe. Alikuwa ameinama kwenye beseni, mbabula mpya zimepangwa ukutani. Mama yake akamnyooshea karatasi bila salamu. Julie hakuanza na maneno, alianza na muhuri. Akalowesha kidole akagusa wino, ukamchafua. Akauinua kwenye jua. Ndipo akasoma, kisha akasoma tena. Akatoa mikono kwenye beseni, akaisafisha kwa kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Sasa Leta imesema," akasema. "Ninaacha, mama."

Alidhani mama yake atafurahi. Mama Julie alikaa chini palepale kwenye udongo, akalia kwa hasira, mpaka majirani wakatoka. "Miaka minane ninasema! Minye nilikuzaa, minye nilikufundisha kusema mama! Kinywa yangu ilikosa nini, Julie? Wino?"

Julie alimwagia maji mbabula zote, akachimba shimo, akazifukia siku ileile, wala hakumwacha mama yake ashike jembe.

Mimi nilitoka kasho baada ya siku arobaini na moja, chakula nilicholetewa kila siku kikiwa kimepikwa kwenye mbabula ya udongo. Mama Julie alikufa mwezi wa pili wa mwaka huu. Alilala ameketi, kama Lambert. Kilima kiko palepale, kilichobaki baada ya Salongo, na kiangazi kikifika kinapanda na upepo.

Juzi Julie alikuja kwenye meza yangu, akakaa kwenye lile kopo. Kupanda kuja sokoni alikuwa amesimama mara moja njiani kuvuta pumzi. Nilimwona, nikajifanya sikuona.

"Baba Hilaire, piga barua ya mama. Wakifukie kile kilima."

Niliipiga, ya kumi hiyo, bila kumwuliza neno, mikono inaijua. Nilipofika kwenye ule mstari nikaandika: "Baba yangu amekufa. Mama yangu amekufa." Nikasimamisha vidole, nikamtazama.

"Na weye?" nikauliza.

Akakohoa kidogo, kwenye kitenge, akatazama kule kilimani.

"Acha mustari moja wazi," akasema. "Tutaijaza ku barua ya kumi na moja."